Kutoka Songwe hadi Seattle ni kilomita ngapi? Kwanza tuulizane: umbali upi?

Alasiri moja hapa Uyole, Mbeya, niliitwa kwa jirani yangu. Binti yake alikuwa safarini kwenda kusoma Seattle, Marekani. Alipanda ndege Songwe, kiwanja chetu cha Mbeya, akabadili Dar es Salaam, akabadili tena Dubai. Sebuleni tulikuwa watu saba, tumeizunguka simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, tunaangalia kialama cha ndege kikisogea kwenye ramani. Kilikuwa kinapanda kaskazini, kaskazini tena, mpaka kikaingia kwenye weupe wa barafu usio na jina la mji hata mmoja.

Mama wa binti alikuwa ameshika pindo la kanga mdomoni. "Mwalimu," akaniambia, "Marekani si iko magharibi? Hawa wanampeleka wapi mwanangu?"

Kabla sijajibu, mjomba wa binti akadakia kwamba hata umbali wa hapa na Dar haueleweki. Asubuhi alitafuta kwenye simu akapata 691. Kijana wake akapata 429. Mwingine akapata 373. Na kila anayepanda basi Mbeya anajua kwamba Dar ni kama kilomita 830. Namba nne, safari moja.

Nimefundisha hisabati miaka mingi, na maswali haya nayasikia stendi, kanisani na kwenye vijiwe vya bodaboda. Wala si ya kuchekwa. Neno "umbali" tunalitumia kwa vitu vitatu au vinne tofauti, na hakuna anayetuambia ni kipi kinasemwa.

Tuanze na namba za mjomba. 830 ni umbali wa barabara: Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, unateremka Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, mpaka Dar. Barabara hufuata ardhi inavyotaka. Ukitaka kuliona hilo karibu na nyumbani, angalia Chunya. Kutoka Mbeya mjini barabara ni kilomita 72, kwa sababu lazima ipande mlima na kuushuka upande wa pili kwa kona baada ya kona. Ungekuwa na uwezo wa kutandika kamba hewani kutoka Mbeya hadi Chunya, ingetosha kamba ya kilomita 40 na kidogo.

Namba tatu zilizobaki ni umbali mmoja uleule wa angani, ila umeandikwa kwa vipimo vitatu. Kilomita 691 ndizo maili 429 za nchi kavu, na ndizo maili 373 za baharini. Mtandao mmoja unakupa kilomita, mwingine maili, na mwingine unakupa kipimo cha marubani bila kukueleza. Mkibishana bila kuangalia herufi ndogo zilizo mbele ya namba, mtabishana mpaka chai ipoe.

Maili ya baharini inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayofungua mlango wa mengine yote. Dunia ukiizunguka unapata digrii 360. Kila digrii hugawanywa dakika 60, na dakika hizi ni za pembe, si za saa ya mkononi. Dakika moja ya pembe juu ya uso wa dunia ndiyo maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Kwa hiyo digrii moja ni maili 60 za baharini, au kilomita 111. Wenye kumbukumbu ya kidato cha tatu, mada ya dunia kama tufe, watakuwa wameshaitambua hiyo 111.

Na kilomita yenyewe ilizaliwa hukohuko. Wataalamu wa Ufaransa miaka ya 1790 waliamua mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali wa kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Ndiyo maana kutoka ikweta hadi ncha ni kilomita 10,000 karibu kamili, na kuizunguka dunia yote ni kama 40,000. Shika hiyo 40,000.

Tikiti na uzi

Maelezo ya mdomo hayakumtuliza yule mama. Jikoni kulikuwa na tikiti maji la duara, limenunuliwa Mwanjelwa. Niliomba tikiti, uzi wa kushonea, kalamu ya wino na futi kamba ya fundi cherehani.

Tikiti lina zawadi ambayo hata tufe la shuleni haliishindi: michirizi yake. Inaanzia kwenye kikonyo, inatanuka katikati, inakutana tena kwenye kitako. Hivyo ndivyo longitudo zilivyo duniani. Kikonyo tukakiita ncha ya kaskazini, kitako ncha ya kusini, na tumboni penye unene zaidi tukachora ikweta. Tukapima tumbo: sentimita 80. Basi sentimita moja ya tikiti ni kilomita 500 za dunia.

Tukaweka nukta ya Songwe, chini kidogo ya ikweta, karibu digrii 9 kusini. Dar ikaja pembeni yake, sentimita moja na nusu pungufu kidogo. Dubai juu ya ikweta, digrii 25 kaskazini. Seattle tuliigeuzia tikiti. Iko digrii 47 kaskazini, lakini upande wa pili wa tunda karibu kabisa, maana longitudo yake na ya Dubai zimeachana digrii 178, na nusu ya duara ni 180.

Nikampa mama uzi. Shika hapa Dubai, vuta hadi Seattle, na uukaze mpaka usilegee popote. Akauweka kwanza kwa kuzungukia ubavuni, kama tunavyoiona ramani ya ukutani: Ulaya, bahari ya Atlantiki, Marekani. Alipokaza, uzi ukateleza wenyewe. Ukapanda, ukapanda, ukaenda kulala kando kabisa ya kikonyo. Akaurudisha ubavuni, akakaza, ukateleza tena. Hakuna aliyeusukuma.

Huo uzi uliokazwa ndio maana halisi ya umbali wa angani kati ya viwanja viwili: njia fupi kuliko zote juu ya uso wa duara. Wataalamu huuita mstari wa duara kuu, kwa sababu ukiuendeleza utaizunguka dunia yote na kuigawa nusu kwa nusu. Ikweta ni duara kuu. Kila longitudo na mwenzake wa upande wa pili hufanya duara kuu. Latitudo nyingine zote, ukiacha ikweta, si duara kuu. Ni pete ndogo zaidi na zaidi kadiri unavyokaribia kikonyo.

Hesabu ya Dubai na Seattle mtu anaweza kuifanya nyuma ya daftari. Kwa kuwa uzi unapita karibu na ncha, hesabu kutoka Dubai hadi nchani: 90 toa 25.3, ni digrii 64.7. Kutoka nchani hadi Seattle: 90 toa 47.4, ni 42.6. Jumla 107.3. Zidisha kwa 111 unapata kama kilomita 11,900. Futi kamba juu ya tikiti ilisoma sentimita 24 hivi. Mstari wenyewe haugusi ncha hasa, unapita kama kilomita 165 kando yake. Wale marubani hawakupotea, walikuwa wanaufuata uzi.

Hapa nina la kusema kwa walimu wenzangu. Kwenye mada ile ya kidato cha tatu tunawapa wanafunzi maswali mengi ya umbali kati ya miji miwili iliyo kwenye latitudo moja, ukipimwa kwa kuifuata latitudo yenyewe. Swali ni zuri kwa kuzoeza hesabu, lakini mwanafunzi anatoka darasani akiamini ndege hupita hivyo. Chukua miji miwili ya kubuni, yote digrii 60 kaskazini, iliyotazamana pande mbili za dunia. Kwa kufuata latitudo ni kilomita 10,000. Kwa kupita nchani ni digrii 60 tu, yaani kama 6,660. Tofauti ya kilomita 3,300 na zaidi si ya kumficha mtoto. Tumalize swali kwa kumwambia kuwa ipo njia fupi zaidi.

Ramani ya ukutani inavyotupotosha

Ganda la tikiti ukilimenya huwezi kulilaza mezani bila kulipasua au kulivuta. Kila ramani bapa imefanya moja ya hayo. Ile tuliyoizoea, na ambayo mitandao mingi ya simu huitumia, ina asili yake katika ramani aliyoichora Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Iliwafaa kwa sababu mwelekeo wa dira unabaki mstari ulionyooka. Gharama yake ni kwamba kadiri unavyoondoka ikweta, kila kitu kinavutwa. Kwenye digrii 60 sentimita ya ramani inabeba nusu tu ya umbali inaoubeba ikweta. Ndiyo maana Greenland inaonekana inakaribiana na Afrika kwa ukubwa, wakati Afrika ni kubwa kuliko Greenland karibu mara 14.

Nyanda za Juu Kusini tuko karibu na ikweta, kwa hiyo ramani hiyo haituumizi tukipima Mbeya na Dodoma au Iringa na Songea. Inatuumiza tukitazama mbali. Uzi ulionyooka juu ya tikiti, ukihamishiwa kwenye ramani bapa, unaonekana umepinda kama upinde. Na mstari wa rula kwenye ramani bapa, ukiurudisha juu ya tikiti, ndio uliopinda.

Kwa safari fupi unaweza kusahau mambo yote ya duara na kutumia kanuni ya Pythagoras ya pembetatu mraba. Songwe iko digrii 8.92 kusini na 33.27 mashariki, Dar es Salaam 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Tofauti ya latitudo ni 2.04, mara 111, kama kilomita 226. Tofauti ya longitudo ni 5.93, lakini huku kwetu longitudo zimesogeleana kidogo, hivyo zidisha kwa 110: kilomita 652. Zipe kipeo cha pili, zijumlishe, tafuta kipeuo cha pili. Unapata 690. Simu ya mjomba ilisema 691.

Na kumbuka kipimo kinaanzia kiwanjani, si mjini. Kiwanja cha Songwe kilichoanza kupokea ndege Desemba 2012 kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, kupita Mbalizi. Wapo wanaokikosea kwa jina wakadhani kiko mkoa wa Songwe. Kiko mkoa wa Mbeya.

Ndege haiufuati uzi wote

Binti hakuruka kilomita za mstari mfupi wa Songwe na Seattle. Alikwenda kwanza mashariki, akaipa Marekani kisogo, kilomita 691 hadi Dar. Kisha karibu 3,980 hadi Dubai. Kisha 11,930 hivi hadi Seattle. Jumla ni kama 16,600, na hiyo ni kama kila ndege ingefuata uzi bila kukengeuka. Haifuati.

Angani kuna njia na vituo vya kupitia, ambavyo havionekani kwa macho lakini rubani na waongozaji wa ndege wanavijua kwa majina, kama dereva anavyojua Igawa na Makambako. Kuna nchi ambazo anga lake linafungwa. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga lake lilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zilizozoea kupita pale zikalazimika kuzunguka. Uzi juu ya tikiti haukubadilika hata milimita. Kilichobadilika ni njia, mafuta na saa.

Na kuna ukungu wetu. Asubuhi moja nikitokea Dar tulifika juu ya Songwe kwa wakati, chini kukawa kama maziwa yaliyomwagika bondeni. Tukazunguka. Jua lilikuwa linaingia dirisha la kushoto, baadaye la kulia, halafu la kushoto tena. Mzee aliyekaa kando yangu alikuwa anahesabu mizunguko kwa vidole, akafika minne kabla magurudumu hayajagusa. Umbali wa kiwanja na kiwanja ulikuwa uleule 691, lakini sisi tuliruka mwingi zaidi.

Hapohapo ndipo muda unapojitenga na umbali. Ndege ya kilomita 830 kwa saa ingemaliza Songwe na Dar kwa dakika 50, lakini abiria hutumia saa moja na zaidi, maana kuna kutembea uwanjani, kupanda taratibu, kupunguza mwendo na kujipanga kutua. Kwenye safari ndefu kuna upepo. Katika maeneo ya kati ya ikweta na ncha, juu sana, upo mkondo wa upepo unaokwenda mashariki, mara nyingine kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Nairobi na New York ni kama kilomita 11,840 ukienda na ukirudi. Safari za moja kwa moja zilipoanzishwa Oktoba 2018 zilitangazwa kuwa saa 15 kwenda na 14 kurudi. Saa hiyo moja ni ya upepo.

Wengine huniuliza kwa nini ndege isisimame tu angani, dunia izunguke, Marekani ije yenyewe. Ni kweli dunia inazunguka kwa kasi. Hapa Mbeya tunasafiri nayo kama kilomita 1,650 kila saa. Lakini hewa inazunguka pamoja nayo, na ndege imo ndani ya hewa. Uko kwenye basi barabara ya Mafinga, unarusha chungwa juu: linarudi kiganjani, haliendi kumpiga abiria wa kiti cha nyuma. Chungwa lilikuwa tayari na mwendo wa basi.

Wengine wanadhani kuruka juu kunaongeza umbali mwingi. Ndege kubwa huruka kama kilomita 11 juu, wakati nusu kipenyo cha dunia ni 6,371. Dubai hadi Seattle nyongeza ni kilomita 20 na kitu. Juu ya tikiti letu urefu huo ni moja ya tano ya milimita, mwembamba kuliko ngozi ya ganda.

Saa za kwenye tiketi nazo zilimtia mama hofu: kuondoka Dubai saa 3 asubuhi, kufika Seattle mchana wa siku ileile. "Saa tatu nne tu?" Hapana, ni zaidi ya saa 14. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa moja, hivyo saa za Seattle ziko nyuma ya Dubai kwa saa 11 au 12 kutegemea majira. Tiketi inaandika saa ya ukutani ya kila kiwanja, haiandiki ulivyokaa kitini.

Nauli nitaigusa kwa ufupi. Kwenye mabasi LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, hupanga ukomo wa nauli kwa kilomita kwa abiria, kwa hiyo tumezoea kuona umbali na bei vikienda pamoja. Tiketi za ndege haziko hivyo. Siku uliyonunua, viti vilivyobaki na ushindani kwenye njia hiyo vina nguvu kuliko kilomita.

Usiku, saa 4 na nusu hivi, ujumbe uliingia: amefika. Sebule ikapumua. Watoto walitaka tikiti lipasuliwe, lakini mama akasema subirini. Akachukua uzi mwenyewe, akaweka kidole kwenye nukta ya Songwe na kingine Seattle, akakaza. Uzi ukapita Kongo, Chad, Libya, Tunisia, ukaikata Ufaransa na Uingereza, ukapanda Greenland, ukashukia Kanada. Akaupima kwa futi kamba: sentimita 30 na kidogo. Kilomita 15,150.

"Kwa nini hawapiti huku, ndiyo karibu?" akauliza.

Nikamweleza kwamba safari ndefu kuliko zote zinazofanywa na ndege za abiria bila kutua, Singapore hadi New York, ni kama kilomita 15,300, zaidi ya saa 18, kwa Airbus iliyotengenezwa maalumu kwa masafa hayo. Uzi wake wa Uyole unakaribia kulingana na huo. Ungehitaji ndege ya aina hiyo, na abiria wa kuijaza kila siku kutoka Mbeya. Akauviringisha uzi kidoleni, akauweka kwenye kikopo cha sindano, ndipo akaomba kisu.